Mjane Hakusema Hivyo

"Usilie kabla picha haijaanza," shangazi yake alimnong'oneza. "Watu watadhani umeshaiona."

Mshonaji alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akatazama mbele. Pazia jeupe la ukumbi lilikuwa bado tupu. Alikuwa ameketi katikati yao, shangazi kushoto, baba kulia, kama mshitakiwa baina ya askari wawili. Na baba yake alikuwa askari kweli. Alistaafu kazi ya upelelezi siku nyingi, lakini mtaa mzima ulimwita Inspekta mpaka leo, naye mpaka leo alikifunga kifungo cha juu cha shati hata kwenye joto kama hili la alasiri, ukumbi umejaa na feni moja tu inazunguka kwa kujivuta.

Inspekta hakuwa mtu wa sinema. Alikuja kwa ajili ya ahadi. Baada ya siku nyingi za kilio, za chakula kurudi jikoni bila kuguswa, alikuwa amemwambia binti yake: "Nitakwenda nimsikilize huyo kijana wako akifanya hiyo mnayoiita kazi. Picha ikiisha nitasema neno langu. Likiwa ndiyo, ni ndiyo. Likiwa hapana, utafuatana na shangazi yako kijijini leo hii, na wazazi wa mfamasia, waliokuja kukuposa, watapata jibu lao kesho."

Mfamasia alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililomuumiza Mshonaji zaidi. Angekuwa mlevi, angekuwa na maneno machafu, angepata pa kushikia. Lakini mfamasia alisalimia wazee, alinyoosha suruali yake kwa pasi, na kila alipokuja nyumbani aliuliza kuhusu goti la shangazi.

"Hicho ndicho kibanda chake?" Inspekta aliuliza, akielekeza kidevu.

"Ndicho, baba."

Kando ya pazia kulikuwa na kibanda cha mbao chenye kidirisha kidogo. Ndani yake aliketi kijana ambaye mji mzima ulimwita Kasuku. Picha zilizoletwa pale zilikuwa za lugha za mbali. Sauti zake za asili zilipunguzwa zikabaki kama mnong'ono, na Kasuku, akiwa na kipaza sauti, akawasemea wote kwa Kiswahili: jambazi, hakimu, bibi kizee, mtoto anayelilia maziwa. Wapo waliofumba macho wakasikiliza tu. Mshonaji alikuwa mmoja wao. Alimpenda kwa masikio kabla hajamjua kwa macho, na alipomwona kwa macho, mfupi, bega moja juu kuliko lingine, alicheka, kisha akampenda upya.

"Mtu mwenye sauti za watu wote," Inspekta alisema, si kwa kunong'ona, "siku akikuambia anakupenda utajuaje amesema nani?"

"Baba, watu wanasikia."

"Na wasikie."

Taa zilizimwa.

Gizani, Mshonaji aliikumbuka jana. Kasuku alikuja kwenye chumba chake cha kushonea akasimama kando ya cherehani, akiishika fremu ya mlango kama mtu aliye kwenye chombo kinachoyumba. Hakuzungumza kwa sauti ya jambazi wala ya hakimu. Alizungumza haraka, akimeza maneno.

"Baba yako atasema hapana," alimwambia. "Ninamjua. Nimeshaisemea midomo ya akina baba wengi kwenye picha, wote husema hapana."

"Wa kwangu hayumo kwenye picha."

"Dada yangu ana chumba mji wa pili. Twende. Niambie maneno haya tu: nitakwenda nawe na sitageuka nyuma. Hayo tu. Nitayafanyia kazi maisha yangu yote."

"Ngoja baba aseme."

"Na akisema hapana?"

Mshonaji alikanyaga cherehani ikakimbia, sindano ikapanda na kushuka, na Kasuku akasimama pale akingoja mpaka pindo lote likaisha. Alipokwisha kuondoka ndipo Mshonaji alipoinua kitambaa akaona kwamba uzi ulikuwa umekatika tangu mwanzo. Alikuwa ameshona matundu matupu.

Sasa picha ilikuwa imeanza. Ilikuwa ya zamani, ya rangi nyeusi na nyeupe, ya enzi za makoti marefu na kofia za ukingo mpana, na magari yenye taa za mviringo kama macho ya bundi. Mvua ilinyesha toka mwanzo. Mpelelezi mmoja, asiye na mke wala rafiki, aliajiriwa na mjane kijana amtafute aliyemuua mumewe, tajiri mmoja aliyekutwa chini ya ngazi za nyumba yake. Mpelelezi alizunguka kwenye vichochoro, akapigwa, akadanganywa, akavuta sigara nyingi kuliko walizonazo dukani. Na kila aliporudi kutoa taarifa, mjane alikuwa amekaa karibu na dirisha, kivuli cha fito za dirisha kikimkata usoni mistari mistari.

"Mzuri," shangazi alikubali. "Lakini hana nyama."

Kasuku alifanya kazi siku ile kama mtu anayeombea roho yake. Alipokuwa mpelelezi, sauti yake ilitoka chini, kavu, imechoka. Alipokuwa mjane ilipanda kidogo tu, bila mzaha, mpaka ukasahau kuwa ni mwanaume. Mshonaji alimtazama baba yake kwa pembe ya jicho. Inspekta alikuwa ameegemea mbele. Viganja vyake vilikuwa juu ya magoti. Mara moja, mpelelezi alipokuta kifungo cha gauni chini ya zulia la ngazi, Inspekta alinong'ona, "Vizuri. Sasa usimwambie mtu," kana kwamba anamwelekeza askari wake mwenyewe.

Moyo wa Mshonaji ulipanda. Anapenda, alijiambia. Baba anapenda. Ewe Mola, picha hii na iishe hivi hivi.

Kifungo kilikuwa cha mjane. Ni yeye aliyemsukuma mumewe. Mpelelezi alijua, na alijua wakati ameshapenda, na huo ndio ulikuwa mzigo wa picha nzima. Alipiga simu kituoni, akaweka mkono wa simu chini, kisha akakimbia kwenye mvua hadi kwa mjane kabla askari hawajafika. Wakasimama sebuleni. Mpelelezi akafungua mlango wa nyuma. Upepo ukaingia, mapazia yakapepea.

"Mlango huu uko wazi," Kasuku alisema kwa sauti ya mpelelezi. "Hawajafika. Njoo twende."

Mjane aliutazama ule mlango muda mrefu. Kisha midomo yake ikaanza kucheza, na kutoka kibandani sauti yake ikaja:

"Nitakwenda nawe, na sitageuka nyuma."

Yalikuwa maneno yale yale. Mshonaji aliombwa ayaseme jana, hakuyatoa, na sasa yalikuwa yanatoka kwenye spika mbili kubwa mbele ya ukumbi mzima, kwa sauti ya mwanamke.

Picha iliendelea, lakini haikuendana tena na maneno. Mjane alitembea kuelekea mlango wa mbele. Askari waliingia na makoti yao yanayochuruzika maji. "Hawa ni rafiki zangu," Kasuku alisema haraka, "watakusindikiza mpaka stesheni. Tangulia, mpenzi." Mjane alinyoosha mikono yake miwili. Mpelelezi akaketi sakafuni, kofia usoni. Muziki ukapaa. Mwisho.

Ukumbi ulipiga makofi, lakini makofi ya kusitasita, kama ya watu walioletewa soda wakaionja ikawa chai.

Taa ziliwashwa. Kwa desturi ya pale, milango haikufunguliwa mara moja. Mwenye ukumbi, mtu mnene mwenye kupenda maneno kuliko kiingilio, alipanda jukwaani na kipaza sauti chake.

"Mahakama ya watazamaji imeketi!" alitangaza. "Mwenye kipaza sauti hakatizwi. Nani wa kwanza?"

Kinyozi alikuwa ameshasimama. "Mimi nampa mpelelezi alama zote. Mwanaume ndiye huyo! Sheria ipo kila siku, mwanamke kama yule humpati mara mbili."

"Nyumbani utanieleza kama yule maana yake nini," mkewe alisema bila kipaza sauti, na wote wakamsikia.

Baada ya kicheko, mkunga mmoja mzee aliletewa kipaza sauti mahali alipokaa. "Mimi sijapenda. Mapenzi gani ya kutorosha muuaji? Wa kwanza kamsukuma ngazini. Ningekuwa mama wa huyo mpelelezi, ningemwambia, mwanangu, kaa nyumba isiyo na ghorofa."

"Mvua nayo imezidi," alisema muuza magazeti. "Picha nzima watu wanalowa, na hakuna hata mmoja mwenye mwavuli. Wana pesa za kununua kofia tu?"

Mwalimu wa hesabu alisimama polepole, akasafisha koo. "Ndugu watazamaji, mimi nimependa vivuli. Mmeona ile mistari usoni mwa mjane kila mara? Kama fito za dirisha la jela. Mtengenezaji anatuambia tangu mapema kuwa mama huyu hatapona. Sasa mwisho anapona. Hesabu hiyo mimi haijaniingia. Ama mtengenezaji amekosea, ama..." Alisita, akatazama kibanda. "Ama sijui. Ninamrudishia mwenyekiti."

Mshonaji alikuwa ameinamisha kichwa. Usinyanyuke, baba, alikuwa anaomba. Tafadhali, baki umekaa.

Inspekta alinyanyuka.

"Naomba hicho kidude," alisema, na kipaza sauti kikapitishwa mkono kwa mkono juu ya vichwa vya watu. Hakumtazama mwenye ukumbi. Alitazama kidirisha cha mbao. "Kijana wa humo ndani. Unanisikia?"

"Shikamoo, mzee," spika zilijibu.

"Marahaba. Mimi lugha ya picha ile siijui. Hata neno moja. Lakini macho ninayo. Naomba unisaidie mambo machache."

"Mzee, desturi yetu ni kwamba mtafsiri haulizwi..." mwenye ukumbi alianza.

"Mwenye kipaza sauti hakatizwi," mkunga alimkumbusha.

"Mwanamke anafunguliwa mlango wa nyuma," Inspekta aliendelea, taratibu, sauti yake ya kazini imerudi. "Anakubali, anasema atakwenda. Kisha anaelekea mlango wa mbele. Kwa nini?"

Spika zilikwaruza tu.

"Wanaingia askari. Unasema ni rafiki, wamekuja kumsindikiza. Mimi nimefunga watu pingu ujana wangu wote. Anayesindikizwa hutoa mkono mmoja wa kusalimia. Anayetoa mikono miwili, viganja juu, huyo amekubali kufungwa. Na mwanaume aliyefanikiwa kumtorosha mpenzi wake haketi sakafuni akajifunika uso kwa kofia. Yule mjane alisema nini?"

"Nilisema kwamba..."

"Sikukuuliza ulichosema wewe. Nimekuuliza alichosema yeye."

Watu waligeuka kwenye viti vyao. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Rudisha!" Mwingine akaitikia, "Rudisha mwisho!" na mara ukumbi wote ukawa unapiga miguu sakafuni, rudisha, rudisha, mpaka vumbi likaanza kuonekana kwenye mwanga. Mwenye ukumbi akampungia mkono mwendesha mashine. Taa zikazimwa tena.

Shangazi alimshika Mshonaji kiganja. "Mbona umeinama hivyo? Unajua kitu?"

"Shangazi, nyamaza, nakuomba."

Mapazia ya sebule ile yakapepea upya. Mpelelezi akafungua mlango. Kasuku alikohoa, na alipoanza kusema sauti yake haikuwa imara.

"Mlango huu uko wazi. Hawajafika. Njoo twende."

Mjane akautazama mlango. Midomo yake ikacheza.

"Unanifungulia mlango bila kuniuliza kama nataka kutoka," Kasuku alitafsiri. "Mume wangu naye alinifungia bila kuniuliza kama nataka kukaa."

"Nakupenda."

"Najua. Nami nakupenda. Lakini jibu hili ni langu. Niachie nilitoe mwenyewe."

Mjane akaelekea mlango wa mbele. Askari wakaingia. Safari hii Kasuku hakuwasemea chochote, kwa kuwa hawakusema chochote. Ukumbi ulisikia mvua tu, na ule muziki, na mtu mmoja katikati ya viti akivuta kamasi.

Taa zilipowaka hapakuwa na makofi. Mlango wa kibanda ulifunguliwa na Kasuku akatoka nje. Wengi walikuwa hawajawahi kumwona. "Kumbe mfupi hivi?" mtu alisema, na mwenziwe akamwambia, "Shh."

"Nilibadilisha," Kasuku alisema. Hakuwa na kipaza sauti na ilibidi watu wanyamaze wamsikie. "Sijawahi kubadilisha picha yoyote kabla ya leo. Leo nimebadilisha. Kulikuwa na mtu mmoja humu ndani niliyetaka ayasikie yale maneno."

"Na mtu huyo ni binti yangu," Inspekta alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemaliza kazi aliyopewa. Lakini neno likishatoka kwenye kipaza sauti ni la umma. Vichwa vyote viligeuka, na Mshonaji akahisi macho yao kama pasi ya moto usoni.

"Inuka tuondoke," shangazi alimvuta. "Leo tumekuwa sisi ndio sinema."

"Nilikuahidi neno langu picha ikiisha," Inspekta alimwambia binti yake, akiwa bado ameshika kipaza sauti pasipo kujua. "Picha imeisha. Neno langu ni hapana. Ningeweza kuvumilia ufupi wake. Ningeweza kuvumilia kazi isiyo na pensheni. Lakini mtu anayeweza kumtia mwanamke maneno mdomoni mbele ya watu mia, chumbani atamfanya nini? Kesho wazazi wa mfamasia watapata jibu."

"Mzee, nakuomba!" Kasuku aliruka safu ya kwanza ya viti, akaja mpaka kwenye njia ya kati, akasimama hatua chache kutoka kwao. "Nipige. Nifukuze mjini. Usimwoze kwa sababu yangu. Nilichanganyikiwa, mzee, nilikuwa sijalala, nilimwona yule mjane anataka kukataa na nikaona ni..." Alishindwa kumalizia. Alimgeukia Mshonaji. "Nilishindwa kulisema. Lile neno la kukataa. Ulikuwa umekaa pale unanitazama, ningewezaje kulitoa kinywani mwangu?"

Alikuwa analia. Mshonaji hakuwahi kumwona akilia. Alikuwa amemsikia akilia mara nyingi, kwa sauti za wafiwa, za wafungwa, za mama waliopotelewa na watoto, na kilio hiki hakikufanana na kimojawapo. Kilikuwa kibaya, cha pua, kisicho na mpangilio. Mkono wake mwenyewe ulitaka kwenda kumfuta. Aliuzuia kwa mkono wa pili.

Kisha akachukua kipaza sauti kutoka kwa baba yake.

Inspekta alishituka. Hakuna aliyewahi kumnyang'anya kitu. Alikiachia.

"Mimi nami ni mtazamaji," Mshonaji alisema. Sauti yake ilimrudia kutoka ukutani, kubwa, ngeni, akaogopa. "Nimelipa kiingilio. Nina maoni."

"Sema, mwanangu," mkunga alisema.

"Jana huyu aliniomba maneno. Sikuyatoa. Sikuyakataa pia, nilikuwa nafikiri. Leo ameyachukua." Alimtazama Kasuku. "Umenisikia? Hukuniibia pesa wala nguo. Maneno niliyokuwa bado nayapima, umeyakata na kuyashona na kumvisha mtu mwingine, halafu umenionyesha."

"Nisamehe."

"Ngoja. Sijamaliza." Akageuka. "Na wewe, baba. Umefichua kila kitu, umeona mlango, umeona mikono, hakuna kilichokupita. Kesho wazazi wa mfamasia watapewa jibu. Jibu la nani?"

"La nyumba."

"Nyumba haiolewi, baba."

Mwalimu wa hesabu alianza kupiga makofi, akagundua yuko peke yake, akaacha.

"Binti, hapa si mahali pake," Inspekta alisema chini chini.

"Mahali pake ni wapi? Nyumbani nikisema, shangazi ananiambia baba yako amechoka. Nikikaa kimya, mnasema amekubali. Mfamasia ni mtu mwema. Hajanikosea hata mara moja. Simtaki. Nitamwambia mwenyewe, kwa heshima, usoni, asilisikie kwa wazazi wake." Alivuta pumzi. Sehemu iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko zote, na aliisema akitazama sakafu. "Na huyu nampenda. Shangazi, usinifinye. Nampenda mpaka nashona bila uzi. Lakini leo siwezi kwenda naye, wala kesho. Nikienda naye sasa, kila atakaponijibia nitakuwa namsikia yule mjane."

Alikirudisha kipaza sauti kwa mtu wa karibu, muuza magazeti, ambaye alikishika kwa mikono miwili kama kifaranga. Mwenye ukumbi alifungua mdomo, akaona heri aufunge, akaashiria milango ifunguliwe.

Watu walitoka taratibu, wakiwapisha, kama watu wanaotoka kwenye nyumba yenye mgonjwa. Kinyozi tu ndiye aliyenong'ona, "Hii ya pili ndiyo iliyokuwa picha," na mkewe akampiga kibao cha mgongo.

Kasuku alikuwa bado amesimama kwenye njia ya kati. Ilibidi Mshonaji apite kando yake. Alipofika pale alisimama.

"Umenisamehe?" Kasuku aliuliza.

"Nimeshakusamehe. Nilikusamehe kabla hujamaliza lile neno la stesheni. Ingekuwa rahisi kama nisingekusamehe."

"Basi nini?"

"Nakuogopa kidogo." Alisema hivyo kwa upole, na akaona jinsi lilivyomwingia. "Sikuwahi kukuogopa."

"Nitaacha kazi hii. Nitauza vitunguu. Nitakuwa bubu."

"Usiache. Unaijua kuliko mtu yeyote. Wewe kawasemee wa kwenye picha, lakini uwasemee wanavyosema."

Alikuwa karibu sana. Angeweza kuhesabu nyuzi za kola yake, kola ambayo yeye mwenyewe aliigeuza ilipochakaa upande mmoja, akaishona upya ili asiionee aibu. Ilimjia kwamba angeweza kuweka paji la uso wake pale kwenye kola, mara moja tu, na dunia isiporomoke. Nyuma yake shangazi alikuwa anaita. Hakuliweka.

"Nikusubiri?" Kasuku aliuliza.

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lilikuwa limekaa pale toka siku ya kwanza alipofumba macho ukumbini akaisikia sauti yake. Alilishikilia kwa meno mpaka taya zikamuuma.

"Hilo usiniulize mimi," alisema. "Nikikujibia hilo, nitakuwa nimekutenda ulivyonitenda."

Akapita.

Nje jua la alasiri lilikuwa kali na jeupe, na kila kitu kilionekana mara mbili kwa sababu ya machozi: ngazi za ukumbi, baiskeli zilizoegemezwa ukutani, watazamaji waliosimama makundi makundi wakibishana bado kama mjane alikuwa shujaa au mpumbavu. Shangazi alikuwa ameshateremka hadi chini, akijipepea kwa mkoba. Mfuko wa nguo za Mshonaji, ulioandaliwa tangu asubuhi kwa ajili ya safari ya kijijini, ulikuwa miguuni pake.

Inspekta alimngoja kwenye ngazi ya juu. Alikuwa amefungua kile kifungo cha shati. Alionekana mzee, mzee kweli, si mzee wa heshima tu. Alitazama mfuko ule chini, akatazama mlango wa ukumbi nyuma ya binti yake, kisha akamtazama yeye. Alichelewa kusema, kama mtu anayejaribu lugha asiyoijua.

"Unataka kwenda wapi?" alimuuliza.

Mshonaji alifungua mdomo ajibu. Alikuwa amepigania swali hilo mbele ya mji mzima, na sasa limekuja, na ndani yake hapakuwa na kitu ila maumivu. Hakujua. Alitazama shangazi, aliyekuwa anaangalia barabarani. Alitazama nyuma, kwenye giza la ukumbi, ambako mtu mmoja alikuwa bado amesimama kati ya viti vitupu. Baba yake alingoja.

Hakuna aliyemsemea.